Impala Inayovuja Kila Jumatatu

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Padri alinipaka majivu alfajiri nikawahi kufungua duka la matairi. Kila mtu hapa Española ametangaza atakachoacha Kwaresima hii. Huyu soda, yule sigara. Mdogo wangu Wilfredo anasema ameacha bia, maana yake ameacha ile anayonunua mwenyewe. Mimi nimeacha kulalamika. Dada yetu Bersabé alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe, Orlinda? Mpaka Pasaka? Utapasuka!"

Sitapasuka. Nitaandika. Mdomo ndio uliofunga, mkono haukufunga.

La kwanza basi: Impala inavuja.

Alhamisi, 7 Machi

Niiweke sawa hadithi ya hili gari, kwa sababu kila mtu ana yake. Impala ya mwaka sitini na nne, niliikuta ikiwa mifupa nyuma ya banda la kuku kule Truchas. Injini hakuna, viti vimegeuka makazi ya panya. Miaka tisa nimeijenga kwa pesa ya pancha za watu. Baba alipofariki Wilfredo alipata nyumba na ghala, mimi nikapata jeki na maneno mazuri. Jeki hiyo ndiyo iliyozaa duka. Sasa gari langu linalala kwenye ghala lake, kwa kuwa kwangu hakuna paa la kulikinga, na ukoo mzima unaliita "gari letu". Letu! Bersabé alichagua rangi, zambarau iliyoiva, hilo namkubalia. Wilfredo alifunga pampu za haidroliki kwenye buti, zile za kuinua na kushusha kila kona ya gari kwa swichi, na kazi ile ni safi, nakubali, ila betri zote kumi nilinunua mimi.

Kinachonikosesha usingizi ni Ijumaa Kuu. Tangu tukiwa wasichana, mimi na Bersabé tumekwenda kwa miguu kila mwaka kwenye kanisa la hija la Chimayó pamoja na mahujaji wengine, tukaomba, tukachota udongo wake mtakatifu, tukarudi tumekufa miguu huku tukicheka. Mwaka huu miguu yake haimbebi. Sukari imekula mishipa. Daktari anasema kabla ya kiangazi kwisha atakuwa kwenye kiti cha magurudumu. Nikamwambia nitakodi lile basi dogo la wagonjwa, lenye ngazi ya umeme. Alinitazama kana kwamba nimemletea jeneza ajaribu kulala.

"Nakwenda na Impala," akasema, "au siendi."

Siku ile mahujaji hujaa kando ya barabara na magari hutambaa nyuma yao mwinuko mzima, mwendo wa mtu mwenye viatu vinavyobana. Hakuna kinachochemsha injini ya zamani kama hicho. Rejeta yenye tundu haitafika hata nusu ya njia.

Jumatatu, 11 Machi

Chini ya gari kuna maji ya kijani ukubwa wa sinia. Yanatoka kwenye mshono wa tangi la juu la rejeta, kona ya kushoto. Nimeifungua, nikaipeleka Santa Cruz kwa Tranquilino, ambaye ndiye fundi wa mwisho bonde hili anayelehemu rejeta za shaba. Wengine wote watakuuzia mpya ya plastiki na tabasamu.

Jumatano, 13 Machi

Upepo. Kona moja ya bati la duka imeng'oka. Wateja wawili, mmoja alikuja kuuliza njia.

Alhamisi, 14 Machi

Rejeta imerudi. Tranquilino aliizamisha kwenye pipa mbele yangu, akaijaza upepo paundi kumi na tano. Haikutoa povu. Kifuniko cha rejeta garini kinashikilia kumi na tatu tu, kwa hiyo kuna akiba ya mbili. Nimeifunga. Nimeendesha mpaka Velarde na kurudi. Kavu kama mkate wa juzi.

Jumapili, 17 Machi

Duka wazi. Padri hapendi nifungue Jumapili, lakini misumari ya barabarani haijui siku.

Jumatatu, 18 Machi

Inavuja. Kona ileile.

Jumanne, 19 Machi

Nimemrudishia Tranquilino. Ni mtu mrefu, mkavu, anaongea kana kwamba maneno anayakopa.

"Mama Orlinda, wewe mwenyewe uliiona kwenye pipa."

"Niliiona."

"Basi mbona imelia tena?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Labda imekukumbuka."

Sikucheka. Ningekuwa sijafunga mdomo ningemwambia kuwa mkono umeanza kumzeeka. Nimeandika hapa badala yake: mkono umeanza kumzeeka.

Ijumaa, 22 Machi

Imelehemiwa upya. Safari hii nimebadilisha na mipira yote miwili, themostati, na kifuniko. Kifuniko kipya ni cha paundi saba, ili presha ipungue karibu nusu. Mshono unaoshindwa kubeba saba si mshono, ni makubaliano ya mdomo.

Jioni nilimpelekea Bersabé panocha, uji wetu mtamu wa Kwaresima. Kijiko kilimponyoka mara mbili, akajifanya anaangalia dirishani. Nilimuuliza kipimo cha sukari cha asubuhi. Nikamuuliza cha juzi. Nikamuuliza kama amekunywa vidonge vya miguu.

"Vipi gari?" akauliza yeye.

Nikamwambia liko tayari.

Jumatatu, 25 Machi

Halikuwa tayari.

Jumanne, 26 Machi

Niliiweka rejeta juu ya meza ya Tranquilino, nikakunja mikono, nikakaa kimya.

"Ukinyamaza hivyo unanitisha," akasema. "Afadhali utukane."

"Ni Kwaresima."

"Umeacha matusi?"

"Nimeacha malalamiko."

Akaitazama rejeta, akanitazama mimi, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akawasha taa, akakwaruza kona ile kwa kisu, akaniita nisogee. Lehemu yake ilikuwa palepale, nzima, inang'aa. Kilichochanika ni shaba iliyo pembeni yake. Si tundu la kutu. Ni mchaniko, kama wa nguo iliyovutwa kwapani.

"Hii haikuoza," akasema. "Imevutwa."

"Na nini?"

"Mimi nafanya rejeta, mama. Gari ni lako." Akailehemu tena.

Nimefuta yale niliyoandika juu ya mkono wake. Nimeyafuta kwa mstari mmoja tu, ili nikumbuke kuwa niliyaandika.

Jumatano, 27 Machi

Nimekaa nikafikiri kama ninavyofikiri tairi linalopungua upepo na msumari hauonekani. Unauliza linapungua lini. Jumanne mpaka Jumamosi naendesha mwenyewe, au liko kwa Tranquilino: kavu. Jumatatu: maji. Kwa hiyo ni Jumapili. Na Jumapili mimi niko dukani, na ufunguo wa ghala uko kwa Wilfredo.

Nilimpigia.

"We Wilfredo, Jumapili unalifanya nini gari?"

"Gari letu?"

Nilivuta pumzi. "Gari."

"Nalipasha moto tu kidogo, dada. Betri zisife."

"Ndani ya ghala?"

"Kidogo nje."

"Nje wapi?"

"Ah, dada, mbona kama polisi?" Akasema mtandao unakatika. Mtandao wa bonde hili hukatika kila ninapouliza swali la pili.

Alhamisi, 28 Machi

Leo naandika kirefu kwa sababu nisipoandika nitampigia tena.

Najua anachofanya. Analipeleka mjini, anazunguka barabara kuu na wenzake, mkono mmoja nje ya dirisha, watu wanapiga picha. Nani aliyelala mgongo juu ya saruji ya Januari akifunga giaboksi? Mimi. Nani anayepungiwa mkono? Yeye. Ndivyo ilivyokuwa tangu utoto. Mimi nachota maji, yeye anasifiwa kwa kunywa vizuri. Mama alikuwa akisema mwacheni, ni kitinda mimba. Ana miaka hamsini na moja sasa, bado ni kitinda mimba. Hajawahi kukaa kazini zaidi ya misimu miwili. Na Bersabé anamtetea. Nikimtaja tu, dada hubadilisha mazungumzo, na hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu anayelipa dawa zake ni mimi, na anayetetewa ni yule.

Nimechoka. Mikono inanuka mpira hata nikiiosha kwa limau. Zimebaki wiki tatu.

Jumatatu, 1 Aprili

Inavuja. Theluji inaanguka juu ya maua ya miaprikoti ya jirani, yale matunda madogo ya manjano. Mwaka huu hatakula hata moja. Nimefungua rejeta vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nikamkumbuka Bersabé, vidole vyake viko hivi kila siku.

Ijumaa, 5 Aprili

Tranquilino ameongeza kipande cha shaba juu ya ile kona, kama kiraka cha goti. "Patashika hapa," akasema, "patachanika pengine." Nimeifunga. Mayai na pilipili nyekundu kwa chakula cha jioni, nikala nimesimama.

Jumapili, 7 Aprili

Nimefunga duka. Nimebandika karatasi mlangoni: Leo hapana.

Baada ya misa nilikaa ndani ya pikapu mtaa wa pili kutoka ghalani, nimejiinamia kama mwizi, mwanamke wa miaka hamsini na nane. Wilfredo alitoka na Impala mdogomdogo. Hakwenda barabara kuu. Alikata kushoto kanisani, akapita mfereji, akaenda mpaka mbele ya nyumba ya Bersabé. Akaliegesha chini ya dirisha lake.

Nikasikia pampu zikilia. Kona ya nyuma upande wa kulia ikashuka mpaka karibu iguse changarawe, na gurudumu la mbele la kushoto likanyanyuka hewani, likaning'inia pale, linazunguka polepole. Hilo ndilo pozi la magari yetu. Kila mtu hapa analifanya kwenye maonyesho, dakika moja ya picha, kisha wanashusha. Wilfredo hakushusha. Alitoa kitambaa akaanza kupangusa kromu. Na dirishani alikuwa dada yangu, mito miwili mgongoni, amepaka rangi ya mdomo, anamwelekeza kwa kidole: hapo, hapo, umeacha hapo.

Nilishuka. Wilfredo aliponiona kitambaa kilimdondoka.

"Dada, naweza kueleza."

"Toka saa ngapi liko juu hivyo?"

"Hulikalisha mpaka chakula cha mchana," Bersabé akajibu kutoka dirishani. "Mimi ndiye ninayemwambia aliache."

"Kila Jumapili?"

"Tangu Krismasi, siku nilipoacha kwenda misa."

Nikainama mbele ya gari. Chasisi ya Impala hii ina umbo la herufi X, haina mbavu za pembeni, kwa hiyo ukiining'iniza kona moja, mwili wote unajisokota kama mtu anayekamua shuka. Nilipitisha kidole kati ya boneti na madigadi ya tairi. Upande wa kulia kidole kilipita na nafasi ikabaki. Upande wa kushoto hata ukucha haukuingia. Na katikati ya huo msokoto kuna rejeta ya shaba niliyoifunga kwa boliti nne, nimezikaza kwa nguvu zangu zote, kila wiki nikizidi kuzikaza kwa hasira. Gari linajipinda. Rejeta haiwezi kujipinda. Kwa hiyo inachanika.

Hapo nilivunja mfungo. Nilisema yote: rejeta, betri, ghala, Tranquilino niliyemdhania, Jumapili zangu. Nilisema mpaka mbwa wa jirani akaingia uvunguni. Wilfredo alitazama viatu vyake.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Bersabé hakupandisha sauti. "Ungejua ungekuja na rula. Orlinda, wewe ukija kwangu unakuja na dawa na maswali. Nashukuru, Mungu anajua. Lakini huyu anakuja na gari."

Wilfredo akashusha gurudumu, polepole, kama anayelaza mtoto.

Jumatatu, 8 Aprili

Limevuja, pembeni ya kiraka, kama alivyosema. Sikusikitika. Msumari umeonekana.

Jumatano, 10 Aprili

Kazi ya siku mbili. Nimetupa boliti zile nne. Nimekata vipande vya mpira kutoka tairi la lori lililokwisha, unene wa kidole gumba, nikatoboa, nikaikalisha rejeta juu yake, na juu nikaifunga kwa mikanda miwili ya mpira huohuo. Sasa haishikani na mwili wa gari mahali popote. Ukiisukuma kwa kiganja inacheza robo inchi kila upande. Mpira wa juu wa maji nao nimeuongeza urefu inchi moja ili usivute.

Wilfredo alikuja bila kuitwa. Alinishikia taa. Nilimwambia ashike juu kidogo, akashika juu kidogo. Ametengeneza na bomba la pampu lililokuwa likichuruzika mafuta, sikumwomba. Baada ya muda akasema, "Dada, mimi sina pesa ya kumpa Bersabé. Najua kuendesha tu."

"Shika taa," nikamwambia.

Tranquilino alilehemu mara ya tano, akakataa malipo. Nikaacha mezani kwake matairi mawili ya mbele. Tumelingana.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili

Nimefunga duka tena. Nilimwambia Wilfredo aning'inize gurudumu na asilishushe mpaka mchana, kwa sababu dawa isiyojaribiwa ni maneno. Nikaingia ndani, nikakaa na Bersabé dirishani. Nilikuwa nimefungua mdomo niulize kipimo cha asubuhi, nikaufunga. Tulitazama gari. Jua lilikuwa likiingia kwenye ile zambarau mpaka ndani kabisa.

"Ni zuri, sivyo?" akasema.

Miaka tisa, na sikuwahi kulitazama nikiwa nimekaa.

Jumatatu, 15 Aprili

Kavu.

Alhamisi Kuu, 18 Aprili

Mahujaji wameanza kupita mbele ya duka, wengine wanatoka mbali, wana malengelenge. Nimewapa maji. Bersabé alianguka chooni leo, goti limevimba. Nikasema labda tuahirishe. Akasema, "Tuahirishe mpaka lini?"

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Tulitoka asubuhi, baridi bado. Bersabé mbele na shali ya mama, Wilfredo nyuma na kisanduku cha swichi mapajani, mimi kwenye usukani. Mpaka njia panda mshale wa joto ulikaa mia na themanini za Farenhaiti, mahali pake. Baada ya hapo foleni. Tulitambaa, tukasimama, tukatambaa. Mia na tisini na tano. Mahujaji walipita kando yetu wakigonga boneti kwa furaha: "Gari hilo, mama! Linauzwa?" Bersabé aliwapungia kama malkia.

Tulipofika kwenye mwinuko wa mwisho, kanisa bado halijaonekana, akasema, "Simamisha."

"Unaumwa?"

"Nashuka. Nakwenda kwa miguu."

"Dada, jana umeanguka."

"Na leo nitakuwa na cha kushikilia. Wilfredo, njoo huku mbele. Lishushe."

Alishuka upande wa kulia, kando ya barabara, akashusha kioo, akaweka mikono miwili juu ya mlango. Mlango ulimfika juu mno, mabega yakapanda. Wilfredo akabonyeza.

"Zote nne sawa, Wilfredo!" nikapiga kelele. "Zote nne!"

"Najua, dada!"

Gari likashuka sawasawa kama mtu anayepiga magoti, mpaka ukingo wa mlango ukawa chini ya viganja vyake, mikono ikanyooka, akapata nguvu. Wilfredo alimshika kifundo cha mkono kutoka ndani. "Twende," akasema Bersabé.

Nikaachia breki kiasi cha nywele. Hatua, kisha hatua. Sijawahi kuendesha polepole hivyo, hata konokono wangelalamika. Feni haikuwa na upepo wa kuvuta. Mia mbili na kumi. Nyuma yetu mtu akapiga honi, akatoa kichwa: "Sukumeni hilo kabati!" Wilfredo naye akatoa kichwa: "Una mabawa? Pita juu!" Bersabé akacheka, akasimama kupumua, nami nikasimama naye, injini ikinguruma. Mia mbili na ishirini na tano. Mstari mwekundu unaanza mia mbili na arobaini.

Ningeweza kumwambia apande. Ningeweza kuzima injini na kuziba barabara yote. Nikakumbuka kuwa ndani ya dashibodi kuna rejeta nyingine, ndogo, ya hita. Nikafungua hita mpaka mwisho, feni yake mpaka mwisho. Joto la injini lote likatugeukia usoni. Wilfredo akanitazama, akaelewa, akafungua vifungo vya shati kwa mkono mmoja, wa pili bado umemshika dada. Jasho lilianza kutoka sehemu ambazo sikujua zina jasho. Mshale ukasita kwenye mia mbili na thelathini. Ukakaa. Ukakaa tu, haushuki, haupandi, nasi tukakaa nao, Bersabé nje akisali Salamu Maria hatua kwa hatua, sisi ndani tukichemka kwa niaba ya gari.

Lango la Santuario, kanisa lenyewe. Aliachia mlango mkono mmoja kwanza, akagusa ukuta wa udongo, akasimama pale muda mrefu mgongo umetugeukia. Watu wakampisha. Kisha akasema apumzike kidogo kabla ya kuingia, akafungua mlango, Wilfredo akaruka nyuma kumpisha, naye akajitupa kitini.

"Maria Mtakatifu!" akashtuka. "Humu ndani mlikuwa mnaoka mkate?"

Wilfredo ndiye aliyeanza kucheka, shati limemgandia kifuani. Mimi nilizima injini, nikasikiliza chini ya boneti. Hakuna kilichodondoka. Ndipo nikaanza kufungua vidole vyangu kutoka kwenye usukani, kimoja kimoja.